Fundi Aliyesamehewa Lindo

Ungeingia katika kambi ile na kuuliza ni askari gani mwenye usingizi mzuri kuliko wote, ungeelekezwa bila kusitasita kwenye chumba cha mwisho nyuma ya ghala la sare, chenye pazia lililoungwa kwa masalio ya suruali. Humo alishinda Mkasi, koplo na fundi cherehani wa kikosi, mtu mwenye kitambi cha heshima, kidole gumba kilichokomaa kwa kuchomwa na sindano, na msamaha.

Msamaha huo ndio uliokuwa mali yake kubwa hapa duniani. Askari wengine walipomaliza kazi zao za mchana walikuwa na zamu za ziada: kulinda geti, kulinda ghala la silaha, kufagia uwanja wa gwaride, kumwaga taka za jikoni. Mkasi hakugusa hata moja. Jua likianza kulegea alifunika cherehani yake kwa shuka kama mtu anayemlaza mtoto, akajinyoosha, akaenda zake kwenye nyumba za familia nje tu ya geti. Huko alioga maji ya moto, akala, akapanda kitanda chake kipana, na habari zake zikaishia hapo mpaka asubuhi.

Msamaha ulikuja hivi. Zamani kidogo jenerali mmoja mnene alikuja kukagua kikosi. Upepo ukampeperushia kofia, akainama kuiokota, na suruali ikampasukia nyuma mbele ya askari waliosimama kwa heshima, ambao kwa amri hawakuruhusiwa kucheka wala kupepesa macho. Fundi akatafutwa. Hakuonekana, kwa sababu alikuwa lindo mwisho wa kambi, bunduki begani. Jenerali akamaliza ukaguzi akitembea kinyumenyume. Kesho yake ikatoka amri kwamba fundi cherehani asipangwe tena zamu yoyote ya ziada, kwa usalama wa jeshi.

Wengine wakaona kumbe mlango upo. Wapiga tarumbeta wa bendi wakaenda kueleza kwamba baridi ya lindo hukausha midomo, na mdomo mkavu hautoi sauti. Wakasamehewa. Wapiga ngoma, ambao midomo hawaitumii kwa lolote ila kula na kusengenya, wakasema nao ni bendi. Wakasamehewa. Kinyozi akasema mkono uliokosa usingizi hutetemeka, na mkono unaotetemeka haufai kupita na wembe shingoni kwa mkuu wa kikosi. Hoja hiyo mkuu wa kikosi aliielewa haraka kuliko zote. Golikipa wa timu ya kambi akasamehewa kwa ajili ya mikono yake. Mwisho karani, aliyeandika misamaha yote hiyo, akajiandikia na wa kwake. Alisema mtu anayejua nani kasamehewa nini ana siri nyingi mno kichwani, na haifai kumsimamisha mahali ambapo adui anaweza kumkamata.

Waliobaki ni wachimba mahandaki. Hao hawakuwa na la kujitetea. Shimo ni shimo, hata ukilichimba huku unasinzia. Basi zamu zote za kambi nzima zikawaangukia wao, na miongoni mwao alikuwemo mdogo wake Mkasi, baba mmoja mama mmoja. Watu walimwita Nguzo, kwa kuwa kila ukipita getini, ukienda ukirudi, ulimkuta amesimama palepale.

Nguzo alikuwa na mke na mtoto mchanga kwenye nyumba zilezile za familia. Mtoto alishaanza kukaa. Alimzoea kila mtu, hata muuza maziwa alimchekea, isipokuwa baba yake. Akimwona baba yake analia kama aliyeingiliwa na mwizi.

Alasiri moja Nguzo akasukuma pazia la chumba cha cherehani na kuingia, macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa. Mbona umekonda hivyo?"

"Siwezi kukaa. Nikikaa nalala." Akaegemea ukuta. "Nina ombi. Kesho nishikie lindo moja tu. Shemeji yako anasema mtoto ameota meno. Mimi sijaona hata ufizi."

Mkasi akashusha miwani mpaka ncha ya pua. "Ningependa sana, mdogo wangu. Unajua nilivyo. Lakini mimi nimesamehewa."

"Umesamehewa, kaka. Hujakatazwa."

"Ni mamoja."

"Si mamoja. Mtu akisamehewa kuamka mapema, siku akiamka mwenyewe nani atamrudisha kitandani?"

"Sikiliza. Leo nikisimama getini, kesho watasema kumbe anaweza. Nikikusaidia wewe mmoja nitakuwa nimewaharibia mafundi wote wa kikosi hiki."

"Mafundi gani? Si uko peke yako?"

"Ndiyo maana sina budi kujitetea peke yangu."

Nguzo akatupa jicho chini ya meza ya kukatia vitambaa. Palikuwa na mto, na katikati ya mto palikuwa na shimo la ukubwa wa kichwa cha kaka yake. Akautazama kwa muda, kama mtu anayetazama chakula dirishani kwa watu, kisha akaaga akaenda lindo.

Huko ndiko mambo yalikoharibikia, au yalikotengenekea, inategemea unamuuliza nani. Asubuhi lori la taka lilifika getini. Nguzo, amesimama wima na macho yamefumbwa, akasikia muungurumo, akafungua geti, akalipigia lori saluti moja safi sana na kutangaza, "Kambi iko salama, afande." Dereva wa lori, mtu mstaarabu, akaitikia kwa honi. Nyuma ya lori ilikuwa gari ya naibu mkuu mpya wa kikosi, mwanamke mwenye cheo cha meja, aliyekuwa anaripoti kazini siku hiyo ya kwanza. Nguzo akamfungia huyo geti usoni.

Meja akateremka taratibu. "Askari, umelala?"

"Hapana, afande. Nimefumba macho ili nisikie vizuri."

"Uko hapa tangu lini?"

Nguzo akafikiri kwa uaminifu wote. "Tangu nijiunge na jeshi, afande."

Mkuu wa kikosi alikuwa likizo, kwa hiyo kambi ilikuwa mikononi mwa Meja. Siku hiyohiyo akaamuru wote waliosamehewa zamu wakutane bwaloni. Walijaa mpaka wengine wakakosa viti. Wasiosamehewa waliambiwa wakae kando, nao wakatosha kwenye benchi moja, na nusu yao tayari walikuwa wamelala.

"Mmoja mmoja," Meja akasema, "nielezeni kwa nini."

Wakamweleza. Walieleza midomo, wakaeleza vidole, wakaeleza macho na mishipa. Golikipa akainua mikono yake miwili ili ionwe, na baadhi ya watu wakaitazama kwa huzuni. Mpiga ngoma mmoja akasema ngoma ina roho, na roho ya ngoma haipendi umande. Kinyozi akasema, kwa adabu, kwamba yeye hajali, anawaza shingo za wakubwa tu. Zamu ya Mkasi ilipofika akasimama, akavuta tumbo ndani na kusimulia suruali ya jenerali tangu mwanzo, na alipofika kwenye kinyumenyume akapunguza sauti kwa heshima.

Meja hakucheka. Hilo ndilo lililowatia baridi.

"Vizuri," akasema. "Mkuu wa brigedi anakuja kukagua gwaride. Mpaka siku hiyo nitapita kila chumba. Nitakayemwona kweli kazi yake haiwezi kuachwa hata siku moja, atabaki na msamaha wake. Wengine wote mtapangwa lindo sawasawa na hawa waliolala hapa."

Kambi ikageuka kichekesho. Bendi ilipiga tangu watu wakinywa chai mpaka wakila chakula cha jioni, ikapiga mpaka kunguru wakahama. Kinyozi aliwanyoa watu, akawanyoa tena kabla nywele hazijaota. Golikipa alijirusha uwanjani kulia na kushoto bila mpira wala mpigaji. Karani alikuwa akitembea mbiombio na faili kwapani, akifika mwisho wa korido anageuka anarudi nalo.

Mkasi hali yake ilikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuwa na kazi hata ya kuigiza. Sare siku hizo zilikuja kutoka kiwandani zimeshonwa tayari. Zikitoka kwa dobi zilipitia kwake ili azitazame, na kazi yake ilikuwa kweli kuzitazama. Kifungo kimoja hapa, upindo kule, basi. Meja alipochungulia alimkuta anakanyaga cherehani kwa nguvu zote, tairi linazunguka, jasho linamtoka, na chini ya sindano hakuna kitambaa.

"Unashona nini, fundi?"

"Naipasha moto, afande."

Meja akaitazama cherehani, akamtazama na yeye, akaenda zake.

Nyumbani, mke wake alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe la kazi. Alikuwa nesi katika zahanati ya mtaa wa jirani.

"Nasikia utalinda," akasema.

"Sijasema nitalinda."

"Nikutafutie soksi nzito?"

"Mama watoto, hili si jambo la mzaha. Mtu wa umri wangu asimame nje usiku kucha?"

"Mimi kila wiki nakesha na wagonjwa. Narudi asubuhi nakukuta unalalamika chai imepoa. Hukuwahi kuniambia usiku kucha unaua."

"Wewe umezoea."

"Nilizaliwa nimezoea?" Akageuza gauni upande wa pili. "Na mdogo wako je? Yeye kazoea?"

Mkasi akageukia ukutani. Hakuwa anamwaza mdogo wake. Alikuwa anawaza kitanda alichokilalia, godoro lilivyomjua mgongo, na jinsi ambavyo jeshi zima lilikuwa linataka kumtoa hapo kwa nguvu. Mawazo ya namna hiyo humfikisha mtu pabaya.

Kesho yake dobi akaleta magunia ya sare safi, karibu za kambi nzima, zimenyooshwa na kunukia sabuni. Mkasi akafunga pazia, akachukua wembe. Shabaha yake ilikuwa ndogo, mwenyewe aliiona karibu ni ya halali. Angekwaruza uzi wa kifungo kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, ubaki umeshikilia kidogo tu. Watu wangevaa zile sare katikati ya wiki, vifungo vingeanza kudondoka, foleni ingejipanga mbele ya pazia lake, na Meja akipita angeona kwa macho yake fundi alivyoelemewa.

Lakini woga hauna kipimo. Alikwaruza kimoja, akasema kimoja hakitoshi. Akaongeza cha pili. Akahamia kwenye suruali. Alipofika gunia la mwisho alikuwa akifanya kazi kwa bidii ambayo chumba kile hakijawahi kuiona, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anaimba puani wimbo wa bendi.

Kosa lake likawa moja, na ni kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote pale kambini. Kila askari alijua kwamba sare zikitoka kwa dobi kabla ya ukaguzi haziguswi, zinatundikwa zisubiri gwaride, na wiki nzima watu wanashinda na ovaroli. Mkasi alikuwa amesamehewa hata gwaride siku nyingi kiasi kwamba jambo hilo lilikuwa limemtoka kabisa.

Siku zikapita na hakuna foleni. Alikaa nyuma ya pazia akisubiri kifungo kama mtu anayesubiri mvua. Asubuhi ya ukaguzi akaitwa uwanjani, asimame pembeni na kisanduku chake cha sindano, tahadhari tu isitokee tena ya jenerali. Ndipo alipowaona wanaingia kwa safu, wamevaa zile sare za magunia, zimenyooka, zinang'aa.

Mkuu wa brigedi akapanda jukwaani. Meja akasimama nyuma yake. Amri ikatolewa, gwaride lote likavuta pumzi na kutoa heshima.

Kifungo cha kwanza kilitoka kifuani kwa kiongozi wa bendi, kikagonga lami, tik. Wapiga tarumbeta wakajaza mapafu kwa wimbo wa kumkaribisha mgeni, na vifungo vyao vikaruka kwa pamoja kana kwamba navyo vilikuwa vimefanya mazoezi. Kimoja kilielekea jukwaani, golikipa akakidaka kwa mkono mmoja. Kilikuwa ndicho kitu pekee alichodaka msimu ule. Kisha zamu ya suruali ikafika. Ikawa kila askari anachagua mwenyewe kati ya bunduki na heshima yake. Wapiga ngoma walipiga kwa mkono mmoja. Karani aliweka faili mbele, na kwa mara ya kwanza faili lile likawa na kazi. Tarumbeta zikaishia njiani, na uwanjani kukabaki vifungo vinavyobingirika.

Safu moja tu ilikuwa imesimama imara, vifungo vyote mahali pake. Walikuwa wachimba mahandaki. Sare zao zilikuwa chafu, zina vumbi na alama za jasho mgongoni, kwa sababu katika zamu zote zile hawakupata nafasi ya kuzivua na kuzipeleka kwa dobi.

"Hawa wachafu ni akina nani?" mkuu wa brigedi akauliza.

"Ndio wanaotulinda, afande," Meja akajibu.

Mgeni alipoondoka, Meja alikuja kwenye chumba cha cherehani. Akaketi bila kukaribishwa, akaweka mezani kifungo chenye kipande cha uzi.

"Nyuzi za kikosi kizima zimekatika siku moja, fundi."

"Nyuzi za siku hizi, afande. Hazina uaminifu."

"Na zote zimekatwa sawasawa. Kama zimepitiwa na wembe."

Mkasi akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Itakuwa panya, afande."

"Panya wenye wembe."

"Wapo wakali sana humu."

Meja akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejifunza jambo. Mkasi akangoja apigiwe kelele, afungwe, avuliwe cheo. Badala yake akasikia maneno ambayo alikuwa akiyaota.

"Basi umenishinda. Nimeona kwa macho yangu kwamba kazi yako haiwezi kuachwa hata siku moja. Kati ya wote, wewe peke yako utabaki na msamaha. Hutapangwa zamu ya lindo."

"Asante, afande. Mungu akuzidishie."

"Kwa hiyo, maadamu panya ni wakali, cherehani yako itahamia getini leo hii. Askari hatatoka wala kuingia, saa yoyote, bila wewe kumkagua vifungo."

Mkasi alikuwa bado anashukuru. Alishukuru mpaka cherehani ilipobebwa.

Jioni ile wapiga tarumbeta na golikipa walikuja lindo kwa mara ya kwanza tangu wasamehewe, wamejifunga mitandio shingoni kama wagonjwa. Nguzo, aliyepokewa zamu mapema, alipita getini akielekea nyumba za familia, mkononi mna kijiti cha plastiki cha mtoto cha kutafunia. Akasimama ili akaguliwe, kama ilivyoamriwa.

"Kaza mkono, kaka. Hicho cha juu kinalegea."

"Hakilegei."

"Wewe ndiye fundi." Akatabasamu. Hakumcheka, na Mkasi angeona nafuu kama angemcheka. "Naenda kulala mpaka nichoke kulala. Nikusalimie shemeji?"

"Mwambie nakuja asubuhi."

Asubuhi zamu mpya ikafika. Wapiga tarumbeta wakakabidhi, wakaondoka wakijigusa midomo kuona kama bado ipo. Golikipa akaondoka. Mkasi, mgongo umekakamaa, macho yamejaa mchanga, akaanza kufunika cherehani kwa shuka.

"Wapi tena?" Sajini wa zamu akamuuliza.

"Nyumbani. Zamu imekwisha."

"Zamu ya nani?"

"Yangu."

"Wewe huna zamu, koplo. Wewe umesamehewa."

"Sawa. Sasa nani ananipokea?"

"Kupokewa ni kwa wenye zamu. Huyu anampokea yule, yule anampokea huyu. Wewe haumo humo, kwa hiyo hakuna wa kukupokea." Sajini akasema hayo bila ubaya, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Kaa, kuna mtu anataka kutoka."

Mkasi akakaa siku hiyo. Mke wake akampitishia mto na blanketi akienda kazini, akavipitisha katikati ya nondo za geti, akamwambia chai yake ameiacha mezani, lakini labda itapoa. Siku iliyofuata Meja alipokuwa anaingia, Mkasi akasimama wima mbele ya gari kuliko alivyowahi kusimama maishani.

"Afande, naomba niondolewe msamaha."

"Uondolewe?"

"Nipangwe zamu kama wengine. Lindo, kufagia, taka, lolote. Ila na mimi ziwe zinaisha."

Meja akamtazama. Macho yake hayakuwa na ukali, na hayakuwa na haraka pia.

"Ni haki yako," akasema. "Msamaha ulipita kwa karani, kuufuta nako kunapita kwa karani. Muone ofisini, akimaliza tu utapangwa."

Gari ikapita. Mkasi akageuka mbio kuelekea ofisini, kisha akasimama. Karani alikuwa hatua chache tu kutoka pale, chini ya taa ya geti, bunduki begani, kofia imemwangukia machoni.

"Umemsikia afande," Mkasi akamwambia. "Niandikie."

"Hapa mimi ni mlinzi," karani akasema bila kugeuza shingo. "Mambo ya karatasi njoo ofisini."

"Utakuwa ofisini lini?"

"Nikitoka lindo nalala. Nikiamka nitakuta wenzako wote wamejipanga mlangoni wanataka kurudishiwa misamaha yao, na wao wamewahi foleni. Wewe uko huku huwezi kupanga." Akakohoa. "Hebu njoo unitazame hapa kifuani, nahisi kimoja kinacheza."

Mkasi akavaa miwani, akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akaanza kushona. Alikishona kile kifungo kwa uzi mara mbili, akaukaza kwa meno, akashona na kingine ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.